Kilo ya kwenye tairi hulipwa mara mbili

Mpagazi yeyote wa sokoni anaijua hesabu hii bila kufundishwa darasani. Mtwishe gunia la kilo 50, atakwenda nalo. Lakini mvua ikinyesha na udongo mweusi ukaganda kwenye buti zake, kilo mbili za tope miguuni zitamchosha upesi kuliko kilo mbili zilizoongezwa ndani ya gunia. Gunia linasafiri tu. Mguu unainuliwa, unarushwa mbele, unasimamishwa, kisha unainuliwa tena, hatua baada ya hatua hadi jioni.

Gari nalo lina miguu. Watu wanaoendesha magari ya mashindano wamekuwa wakiihesabu miguu hiyo kwa gramu kwa miaka mingi, na wamejifunza jambo ambalo sisi tunaovusha mizigo Malaba, Namanga, Mutukula, Sirari na Rusumo tunalilipia kila siku bila kuliona kwenye risiti. Uzito ulio kwenye tairi haufanani na uzito ulio kwenye bodi. Hoja yangu leo ni kwamba kila kilo iliyopo kwenye gurudumu lazima iwe na kazi yake inayojulikana. Ikiwa na kazi, ibaki, hata kama inapunguza mwendo. Isipokuwa na kazi, itoke.

Tuanze na hesabu yenyewe, maana vijiweni inazungumzwa sana na mara nyingi inatiwa chumvi.

Ukiweka kilo moja kwenye buti ya gari, injini ina kazi moja tu juu ya kilo hiyo: kuisogeza mbele. Ukiiweka kilo hiyohiyo kwenye sehemu ya tairi inayokanyaga barabara, injini inakuwa na kazi mbili: kuisogeza mbele na kuizungusha. Gari likienda kilomita 100 kwa saa, ngozi ya tairi nayo inauzunguka mhimili wake kwa kilomita 100 kwa saa. Ndiyo maana nguvu inayotumika kuifikisha kilo hiyo kwenye mwendo huo inakaribia kuwa maradufu ya ile ya kilo iliyotulia ndani ya buti. Kadiri uzito unavyosogea karibu na katikati ya gurudumu, penye nati, ndivyo gharama ya kuuzungusha inavyopungua. Tairi limekaa ukingoni kabisa, kwa hiyo uzito wake ndio ghali kuliko wa kipande kingine chochote cha gurudumu.

Chukua gari la mashindano ya rali ya dunia la daraja la juu, lile la Rally1, ambalo sheria za mwaka 2022 hadi 2024 zilitaka lisipungue kilo 1,260 bila dereva na msaidizi wake. Lifunge matairi manne ambayo kila moja limezidi kilo mbili. Kwenye mizani utaona kilo nane zaidi. Injini, kila inapotoka kwenye kona na kutafuta kasi, itahisi kama kilo 16 hivi. Hiyo ni zaidi kidogo ya sehemu moja katika mia ya uzito wa gari. Mtu wa kawaida hataiona tofauti. Dereva wa mashindano ataiona, kwa sababu rali ina mamia ya kona, na kila kona ni kupunguza mwendo na kuutafuta upya.

Hapo ndipo chumvi inapoingia. Kuna wanaoapa kwamba kilo moja ya tairi ni sawa na kilo nane au kumi za bodi. Si kweli. Kwa kuongeza kasi, haivuki mara mbili. Na gari likishafika mwendo wake na kutulia, kama lori linalokata Tsavo kwa kilomita 70 bila kubadilisha gia, ile gharama ya kuzungusha inakoma. Unabaki kulipia uzito wa kawaida. Anayelipa sana ni yule wa kusimama na kuondoka, kusimama na kuondoka: gari la mashindano katikati ya kona, na daladala, matatu au gari la kusambaza bidhaa katikati ya foleni ya mjini.

Malipo ya pili yanakuja kwenye breki. Nguvu yote iliyoingia kwenye gurudumu linalozunguka haipotei kimiujiza dereva anapokanyaga breki. Inageuka joto. Tairi zito lina nguvu nyingi zaidi ya kuzimwa, na pedi na diski ndizo zinazobeba kazi hiyo. Katika mashindano, breki zikichemka dereva analazimika kuanza kupunguza mwendo mapema kabla ya kona, na hapo sekunde zinamwagika. Kwetu sisi, breki zikichemka kwenye mteremko mrefu wenye lori mbele, kinachomwagika ni kitu kingine.

Malipo ya tatu ndiyo makubwa kwenye barabara zetu, na ndiyo yanayosahaulika kuliko yote. Springi na shokapu zinabeba bodi, injini, abiria na mzigo. Hazibebi gurudumu. Gurudumu liko chini yao, linagonga kila shimo na kila jiwe moja kwa moja. Likigonga linaruka juu, na springi inatakiwa kulirudisha chini upesi ili mpira ukutane na barabara. Gurudumu jepesi linarudi haraka. Gurudumu zito likishaanza kwenda juu halitaki kusimama, na likirudi chini linagonga kwa nguvu na kuruka tena. Kwenye barabara ya changarawe iliyojaa vimatuta vidogo vilivyofuatana, gurudumu la namna hiyo linatumia sehemu ya safari likiwa hewani. Tairi lililo hewani halivuti, halikati kona, wala halifungi breki. Kwa hiyo unaweza kuwa na injini ya kutisha na breki mpya, na bado ukakosa vyote viwili kwa sababu mpira haupo ardhini.

Malipo ya nne ni ya uzito mdogo uliokaa vibaya. Chukua gramu 50, uzito wa yai dogo, uzigandishe upande mmoja wa rimu ya gari dogo. Gari likifika kilomita 100 kwa saa, gurudumu linazunguka zaidi ya mara 14 kila sekunde, na zile gramu 50 zinavuta kuelekea nje kwa nguvu ya kilo saba hadi nane. Mvuto huo unazunguka pamoja na gurudumu, juu, mbele, chini, nyuma, zaidi ya mara 14 kwa sekunde. Hapo usukani unatetemeka, beringi inalia, na mpira unalika kwa mabaka. Madereva wa rali wanaotoka kwenye tope la udongo mweusi wanaujua mtetemo huo vizuri: tope limeganda ndani ya rimu, upande mmoja mzito, mwingine mwepesi. Gari linatetemeka kana kwamba limevunjika kitu, kumbe limebeba udongo tu.

Sasa tuone wenye fedha wanafanyaje. Katika Formula One, hesabu inayotajwa sana ni kwamba kilo 10 za ziada hugharimu karibu sekunde 0.3 kwa kila mzunguko, ingawa inategemea urefu na sura ya uwanja. Katika mashindano ambamo magari kadhaa hufuzu yakiwa yamebanana ndani ya sekunde moja, hiyo si tofauti ndogo. Ndiyo maana rimu zao ni za magnesiamu, madini mepesi kuliko aluminiamu. Hata hivyo mwaka 2022 mashindano hayo yaliacha rimu za inchi 13 yaliyozitumia kwa miaka mingi na kuhamia inchi 18. Magurudumu yakawa makubwa na mazito zaidi, na uzito wa chini kabisa unaoruhusiwa wa gari ukapanda hadi kilo 798, kwa sababu hiyo na nyingine kadhaa za usalama na muundo. Madereva wakalalamika kwamba magari yamekuwa mazito, hasa kwenye kona za polepole. Wakubwa wa mchezo wakasikia. Sheria za mwaka 2026 zimebakiza inchi 18 lakini zimepunguza upana wa tairi la mbele kwa milimita 25 na la nyuma kwa milimita 30, na uzito wa chini wa gari umeshushwa hadi kilo 768. Matajiri wale, wenye wahandisi mia kadhaa kila timu, wamekaa mezani kujadiliana kuhusu milimita 25 za mpira. Kama wao wanaona inafaa, sisi nani tuone ni upuuzi?

Lakini tusiwafuate kichwakichwa. Formula One inakimbizwa kwenye lami laini kama kioo, na fundi aliye na tairi jipya yuko umbali wa mzunguko mmoja. Kwetu mambo ni tofauti, na bahati nzuri tunayo shule yetu wenyewe.

Shule hiyo ni Safari Rally. Vijana wanaweza kudhani ni mashindano ya Naivasha tu, kwa kuwa ndiko yalikorudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 baada ya kutoweka kwenye kalenda hiyo tangu 2002. Yalianza mwaka 1953 na yalizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na kuanzia mwaka 1960 yakaitwa East African Safari. Kabla ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuwa na kituo hata kimoja cha pamoja cha mpakani, kulikuwa na magari yaliyovuka mipaka hii kwa kasi kwenye vumbi na matope. Na washindi walitoka kwetu. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965 akiwa na Volvo ya mtumba, naam, mtumba, kisha akashinda tena 1974 na 1976. Bert Shankland wa Tanzania alishinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, gari ambalo wazee wetu walilitumia kubeba abiria na magunia. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano, mwaka 1973 na kisha minne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Watu hawa hawakushinda kwa kuwa na gari jepesi kuliko yote. Katika Safari ya siku zile, ambayo ilikuwa ya maelfu ya kilomita, kufika ndiko kulikuwa nusu ya ushindi.

Na hapo ndipo somo la tairi linapogeuka na kuonyesha upande wake wa pili. Kwa miaka mingi, timu kubwa za rali zilitia ndani ya matairi yao aina ya povu la mpira. Tairi likitobolewa na jiwe, povu lile lilitanuka na kujaza nafasi ya hewa, na dereva akaendelea karibu kama kwamba hakuna kilichotokea. Povu hilo lilikuwa na uzito, na uzito wenyewe ulikuwa mahali pabaya kuliko pote, kule ukingoni mwa gurudumu tuliposema unalipwa mara mbili. Wahandisi wale walijua hesabu hiyo kuliko mimi na wewe. Wakaukubali uzito huo hata hivyo, kwa sababu ulikuwa na kazi: ulinunua uhakika wa kufika. Povu hilo lilipigwa marufuku katika ubingwa wa dunia kuanzia mwaka 2008, na tangu hapo pancha ikarudi kuwa pancha.

Baada ya povu kuondoka, swali lilihamia kwenye tairi la spea. Sheria zinamruhusu dereva wa Rally1 kubeba spea mbili, naye ndiye anayeamua kama achukue moja au zote. Gurudumu moja zima lina zaidi ya kilo 20. Kwenye nchi zenye barabara laini, wengi huchukua moja na kushukuru kwa wepesi. Wakija Naivasha, kwenye mawe makali yaliyojificha chini ya vumbi laini kama unga, hesabu inabadilika. Tufanye makisio yetu wenyewe. Tuseme spea ya pili inampotezea dereva sehemu moja ya kumi ya sekunde kwa kila kilomita. Kwenye sehemu ya mashindano kama Kedong ya mwaka 2022, ambayo ilikuwa ya zaidi ya kilomita 30, angepoteza sekunde tatu. Akipata pancha akalazimika kusimama, kuteremsha jeki, kufungua nati, kufunga gurudumu na kuondoka, dakika mbili zimekwenda. Hizo ni sekunde 120. Spea ileile ingehitaji sehemu 40 kama Kedong ili kumgharimu kiasi hicho. Na asiyekuwa na spea ya pili pancha ya pili ikija, hapotezi dakika, anapoteza mashindano. Mwaka 2022 Sébastien Ogier, bingwa wa dunia mara nyingi na mshindi wa Safari ya mwaka uliotangulia, alipata pancha akapoteza zaidi ya dakika mbili, na akamaliza wa nne. Wote watatu waliomtangulia waliendesha Toyota kama yeye.

Kumbuka pia kwamba spea imelala ndani ya bodi. Haizunguki, na inabebwa na springi. Kilo zake 20 ni kilo za bei nafuu. Anayepunguza uzito wa gari kwa kuacha spea na huku matairi yake manne yameganda tope anafanya hesabu kichwa chini miguu juu: ameacha kilo nafuu zenye kazi, amebeba kilo ghali zisizo na kazi.

Sasa nasema nasi wenyewe, maana wengi wetu tunafanya hesabu hiyo ya kichwa chini miguu juu. Nimesikia mara nyingi mpakani mwenye mzigo akimwambia dereva: toa spea tupate nafasi ya magunia mawili. Dereva anatoa, kwa sababu mwenye mzigo ndiye mwenye hela. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyebaki dukani akisubiri simu hauhisi uzito wa kukaa porini usiku na nyanya zinazoiva kwa saa. Faida ya magunia mawili unaijua. Iweke kando ya hasara ya shehena nzima ya mboga au samaki iliyolala njiani kwa tairi moja, ukumbuke na usalama wa dereva na utingo wake waliosimama gizani kando ya barabara ya malori. Dereva wa Naivasha, ambaye kazi yake yote ni kukimbia, anabeba spea mbili. Wewe ambaye kazi yako ni kufika, unaacha hata moja?

Kosa jingine ni la upande wa pili. Mtu ana gari dogo, anataka libebe kama lori, basi analifunga tairi nene, refu na zito lililotengenezwa kwa gari kubwa, akiamini kwamba uzito wa tairi ndio nguvu yake. Matokeo yake ni yaleyale manne tuliyoyaona: gari linaondoka kwa uvivu na kula mafuta kwenye foleni, breki zinachemka, magurudumu yanarukaruka kwenye changarawe, na beringi zinakufa kabla ya wakati. Springi, shokapu na breki za gari lile zilipimwa kwa gurudumu jepesi. Nguvu ya tairi haisomwi kwa kulinyanyua. Imeandikwa ubavuni mwake. Karibu na saizi utaona namba kama 91 au 100. Tairi la 91 limeruhusiwa kubeba kilo 615. La 100, kilo 800. Zidisha kwa nne, toa uzito wa gari lenyewe na wa waliomo, na kinachobaki ndicho cha mzigo, iwapo gari lenyewe limeruhusiwa kubeba kiasi hicho. Kama mzigo wako unahitaji tairi la namba kubwa, lifunge bila kusita, hata kama ni zito kidogo. Uzito huo una kazi. Kama mzigo umezidi hata hapo, dawa ni gari jingine, na hakuna tairi litakalokuokoa.

Kuna na uzito usioonekana kabisa: maji. Mwaka 2024 kulizuka tuhuma kwenye Formula One kwamba timu fulani zinaingiza maji kidogo ndani ya matairi ili yasipate joto upesi. Jambo hilo haliruhusiwi, na hakuna ushahidi uliowekwa hadharani kwamba lilifanyika. Nasi tunayo maji ndani ya matairi bila kutuhumiwa na mtu. Kompresa ya kando ya barabara inavuta hewa yenye unyevu, unyevu unageuka maji ndani ya tangi, na fundi asiyelifungua tangi lake kuyamwaga anakujazia maji pamoja na hewa. Maji hayo yanazunguka ndani ya tairi, yanakula rimu ya chuma kwa kutu, na tairi likipata joto yanageuka mvuke na kupandisha presha kuliko ulivyopima. Mashindano makubwa yanatumia hewa iliyokaushwa kwa sababu hiyo. Kumwaga maji ya tangi asubuhi ni kazi ya dakika moja. Mwombe fundi wako aifanye kabla hajashika tairi lako. Akikasirika, mtafute mwingine.

Najua kuna atakayeniambia: lori si gari la mashindano, nasi hatugombei kombe. Ni kweli hatugombei sekunde. Lakini sheria za uzito na mwendo hazisomi leseni ya biashara. Gurudumu zito lililo hewani halifungi breki, liwe la bingwa wa dunia au la Fuso lenye vitunguu. Tofauti ni kwamba bingwa amevaa kofia ngumu, amezungukwa na vyuma vya kumlinda, na barabara imefungwa kwa ajili yake. Kwetu barabara ina watoto wanaotoka shule, bodaboda zisizo na taa na mama anayevusha mbuzi. Kama kuna mmoja kati yetu mwenye haki ya kupuuza habari za tairi, basi ni yule wa mashindano, na yeye ndiye asiyepuuza.

Nina neno pia kwa serikali zetu na kwa Jumuiya. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imetuwekea kikomo kimoja cha tani 56 kwa gari na mzigo wake, na vikomo kwa kila ekseli. Hilo ni jambo jema, kwani mfanyabiashara anayetoka Mombasa au Dar es Salaam anahitaji kanuni moja hadi afike kwa mteja wake. Lakini mizani inapima jumla. Haisemi kama tani zile zimekalia matairi yenye hewa au yaliyolegea, yaliyofaa mzigo ule au yaliyoazimwa kwenye gari jingine. Vituo vya pamoja vya mpakani ndipo magari yote yanaposimama, mara nyingi kwa saa nyingi, dereva akisubiri karatasi. Saa hizo zinaweza kufanya kazi. Naomba pale kuwe na pampu ya hewa kavu yenye kipimo kinachoaminika, bomba la maji la kusafishia rimu, na fundi anayeweza kusawazisha magurudumu kwa bei inayojulikana. Isiwe sababu nyingine ya kutoza faini wala kizuizi kipya kisicho cha kiforodha, maana vya namna hiyo tunavyo vya kutosha. Iwe huduma, ya hiari, itumiwe na dereva wa nchi yoyote bila kuulizwa namba ya gari ni ya wapi.

Tusisubiri serikali kwa yale tunayoyaweza wenyewe. Kabla gari halijaondoka, mwenye mzigo na asogee atazame magurudumu kwa macho yake. Tope ndani ya rimu likwanguliwe. Hewa ipimwe asubuhi matairi yakiwa baridi. Spea iwepo, iwe na hewa, na iwe na jeki na spana inayoingia kwenye nati za gari hilo. Namba ya ubavuni ilingane na mzigo. Kazi yote hiyo haizidi robo saa.

Waliokimbiza magari kati ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam enzi zile waliwaza mambo mawili kwa pamoja: wepesi wa kwenda na uzito wa kufika. Kila kipande walichokiongeza au kukitoa walikipimia hapo. Biashara yetu ya mpakani inakwenda kwa hesabu hiyohiyo, na mlango wake wa kwanza ni vile vipande vinne vya mpira, kila kimoja kisichozidi kiganja cha mkono kwa upana wa mguso wake, vinavyoshika barabara kwa niaba ya mtaji wetu wote.